Mstari Usio na Uzi

Biryogo, Kigali
12 Mei 2025

Mjomba wangu Gasana,

Assalaam alaykum. Shikamoo yangu uipokee kwa mikono miwili, maana imesafiri na lori la Shyaka juu ya magunia. Sisi huku tunapumua. Mpwa wako Sauda bado niko pale pale, mlango wa pili kutoka msikitini, cherehani mbele yangu na wateja wananisimamia kichwani. Binti yangu Ishimwe amenipita urefu, na Kiswahili chake kimezidi kuharibika. Kila kitu kwake ni "iko". Juzi kamwambia imamu, "Bibi yangu iko anasali." Imamu alicheka, mimi nikaficha uso. Mtaa wetu wameupaka rangi barabarani na kupanga viti vya chai, magari hayapiti tena. Ungerudi leo ungepotea mlangoni kwenu.

Sasa lililoniandikisha. Dada yako, mama yangu, macho yake yanafunga. Amenikataza kukuambia, na mimi unanijua. Daktari anasema ni presha ya macho. Imekula pembeni kote, anaona katikati tu. Mwenyewe anasema anaitazama dunia kupitia tundu la kifungo, na tundu linazidi kubana. Anatiwa matone. Yanachelewesha, hayarudishi kilichokwenda. Mwaka ukiisha huenda na hilo tundu likaziba.

Daktari aliuliza kama yuko mwingine kwenye ukoo mwenye shida hii, kwa sababu hufuata damu. Mama akamjibu kwamba babu alikufa kipofu, lakini yeye alirogwa na jirani. Daktari aliandika, hakucheka. Basi na wewe nijibu, Mjomba: macho yako mazima?

Mama anataka vitu viwili kabla ya giza, uso wako na bahari. Anasema ulipoondoka Biryogo, kijana na mfuko wako begani, ulimwambia, "Dada, nitakuonyesha bahari." Ameitunza ahadi hiyo tangu kabla sijazaliwa. Tumepanga kuja Agosti shule zikifungwa, mimi, yeye na Ishimwe, tukae kwako Tanga wiki nzima. Wewe tayarisha mkeka tu, chakula tutapika. Na kabla ya hapo tupigie simu ya picha akuone japo kwenye kioo. Simu yako haiiti tangu Ramadhani.

Mpwa wako asiyejua kunyamaza,
Sauda


Tanga
9 Juni 2025

Mpwa wangu Sauda,

Waalaykum salaam, na marahaba nakurudishia ikiwa nzima. Mwandiko usikushtue, si wangu. Mkono wa kulia unaniuma, kwa hiyo mimi nasema na anaandika mwalimu Annah, mpangaji wangu wa chumba cha uani. Ni mtu wa Muheza, ana mwandiko mzuri kuliko tabia zangu. Idd tumeisali salama. Mvua zilikuwa nyingi, mwembe wa jirani umeangukia ukuta wangu, na paka amezalia kabatini juu ya kanzu zangu za Ijumaa. Simu ilitumbukia kisimani. Sijanunua nyingine, na kwa kweli sijaikosa.

Habari ya Dada imenifika. Nilikaa nayo barazani mpaka adhuhuri, na chai ikapoa.

Sauda, Agosti sitakuwapo. Nimeitwa Pemba kwenye karafuu. Na hata ningekuwapo, nyumba itakuwa imeezuliwa, nabadilisha bati. Mtalala wapi? Tanga yenyewe siku hizi haina la kutazama. Nendeni Dar es Salaam. Bahari ni ile ile moja, haikukatwa vipande.

Mwambie Dada aitazame vizuri. Asikubali kuharakishwa. Aitazame mpaka ashibe, halafu aitazame tena. Na wewe umuulize kila alichokiona, uniandikie.

Paka wanne wote wazima.

Mjomba wako,
Gasana


Biryogo
21 Julai 2025

Mjomba,

Salamu. Sisi wazima, kiangazi kimeanza na vumbi la Nyamirambo limeingia mpaka kwenye chumvi.

Barua yako nilimsomea Mama akiwa anachagua mchele kwa vidole. Nilitaka niruke ile ya Pemba, akanishika: "Soma yote." Nilisoma yote. Aliichukua karatasi, akatoka nayo mlangoni kwenye mwanga, akaupitia mwandiko kidogo kidogo kwa lile tundu lake. Akasema, "Mtu mkono ukimuuma anaandika vibaya. Haachi kuandika." Akarudi kwenye mchele wake.

Mjomba, sababu moja ningeiamini. Mbili zinagombana. Karafuu tangu lini, wewe fundi wa majokofu? Nimekuuliza kuhusu macho yako, umenijibu habari za paka. Dada yako hakuombi kitu kingine duniani isipokuwa kukuona, na muda wa kukuona unamwishia. Mimi ukinikwepa si kitu. Yeye anasikia uchungu.

Tiketi za basi la Dar tulishachukua kituoni Nyabugogo, tulikuwa tubadilishe basi huko Dar tuje kwako. Nilitaka kuzirudisha. Mama amekataa. "Bahari si ya Gasana," anasema. "Tutaikuta huko iliko."

Kwa hiyo tunakwenda. Pemba njema.

Sauda


Biryogo
18 Agosti 2025

Mjomba,

Niliapa nisikuandikie tena, Mama akanivunjia kiapo. Salamu basi. Tumerudi salama, miguu imevimba kwa kukaa basini, na Ishimwe ameungua pua kwa jua na anatembea nayo mtaani kama medali. Shyaka akikuletea barua hii, pokea na kitambaa kilichofungwa ndani ya bahasha. Nitakieleza.

Kwako tungepata wiki. Dar tumepata siku moja, kwa sababu basi lilitulaza Singida na mimi nilikuwa na nguo za harusi zinaningoja huku. Siku yenyewe tulitoka mapema nyumba ya wageni Kariakoo, tukapanda bajaji mpaka ufukwe wa Coco. Mama alivaa kitenge kipya na kilemba cheupe, na mapajani amepakata lile kopo lake la nyuzi, la biskuti, lenye bobini za rangi zote. Nikamuuliza, "Mama, kopo baharini la nini?" Akanijibu, "Fundi haendi kuchagua rangi bila uzi." Unajua kazi yake ya cherehani ilivyo. Maisha yote hajawahi kununua uzi ndani ya duka. Lazima atoke nao mlangoni aulaze juu ya kitambaa juani, kwa sababu taa ya duka ni mwongo. Wenye maduka walimchoka, lakini hakuna shati lake lililowahi kuonyesha mshono.

Tukateremka. Bahari hakuna.

Nakuambia kweli, Mjomba. Mchanga mtupu uliolowa, mawe yenye kijani, vidimbwi, na watu wadogo wadogo wanatembea mbali huko. Ishimwe akasema, "Bahari iko wapi? Leo iko wamefunga?" Nilitaka kucheka, nikamtazama Mama. Alikuwa amesimama wima, midomo imebana, kopo amelikumbatia. Akanishika mkono kwa nguvu. "Sauda, usinifiche. Haipo, au mimi ndiye sioni?"

Nikamwambia, "Haipo, Mama. Iko kule mbali kama utepe."

"Alhamdulillahi," akasema. "Nilidhani nimechelewa."

Basi tukaifuata. Sisi watu wa milimani tulitumia akili ya milimani. Kwetu ziwa la Kivu likishawekwa mahali linakaa. Tukasema kumbe bahari ya hapa ni ya mbali, ndivyo ilivyo. Tukatembea mpaka karibu na maji, tukavuka vijito vya kuloweka vidole tu, tukatandika mkeka kwenye mchanga safi ambao hakuna mtu mwingine aliyeukalia. Tukapanga viatu, chupa ya chai, sambusa. Juu kule muuza mihogo alikuwa anatupungia mikono yote miwili. Tukampungia na sisi. Nikasema, hawa watu wa Dar wana ukarimu.

Mama akafungua kopo. Alikuwa na kipande cha kitambaa cheupe kilichobaki kwenye kanzu ya bwana harusi mmoja. Ishimwe anamtungia sindano, yeye anaunyoosha uzi mbele ya macho, mkono wote umenyooka, anaulaza juu ya bahari kama anavyoulaza juu ya suti ya mtu. Kichwa anakizungusha polepole kwa sababu lile tundu halimpi pana. "Huu hapana, umechangamka mno. Huu umefifia. Nipe ule nilioshonea gauni la Kamikazi." Akishaupata anashona mstari mmoja, ananyanyua uso, anatafuta mwingine. Akaanzia miguuni pake kwenye mchanga, akawa anakwenda mbele, mbele, kuelekea mbinguni. Mjomba, mimi nina macho yote mawili, na nilikuwa nimekwisha kuiona bahari kwa dakika moja nikaanza kufikiria sambusa. Yeye alinionyesha kwamba sikuona kitu. Kila alipotaja rangi nilitazama nikaikuta, na mwanzo haikuwapo.

Alipofika mbali kabisa, pale maji yanapogusana na mbingu, alikwama. Alimwaga kopo zima mkekani. Alijaribu uzi baada ya uzi. Mwisho akasema, "Huu sina. Sijawahi kuwa nao." Akaacha wazi, akaruka, akashona mstari wa mbingu juu yake.

Ndipo nilipohisi baridi miguuni.

Haikuja kwa kelele. Ilikuja taratibu kwa nyuma yetu, kupitia vile vijito tulivyovidharau, na tulipogeuka njia tuliyokuja nayo ilikuwa maji. Chupa ya chai ilianguka. Kiatu changu cha kushoto kilinipita kinaelekea Unguja. Nikakusanya mkeka, Ishimwe kopo, napiga kelele, "Mama, twende!" Mama hakwenda. Alikuwa amesimama, maji yanampanda kwenye miguu, kitenge kimelowa, mikono ameifungua kidogo. Nikamfikia, nikamshika kiuno. Uso wake sitausahau mpaka nizikwe.

"Sauda," akasema, "inakuja na upande nisiouona. Inakuja pande zote." Halafu akasema, "Miezi yote hii kila kitu kinachotoka pembeni kinanitisha. Pikipiki, mlango, watu. Hii hainitishi. Inanishika tu. Subhanallah. Kitu kikubwa namna hii, kinanishika mguu kama mtoto."

Mimi nikalia hapo hapo ndani ya maji. Nilikuwa nimempeleka akaione, Mjomba, na nikaona kama yenyewe ndiyo iliyokuja kumwona.

Muuza mihogo alitukuta katikati, akambeba Mama mgongoni mpaka pakavu. Akauliza, "Mmetoka wapi nyinyi?" Nikasema Kigali. Akasema, "Aa, basi."

Kitambaa ndicho hicho. Nilitaka nikuandikie rangi zake kwa mpangilio, Mama amenizuia. Anasema wewe unaishi nayo, utaitambua mwenyewe. Mimi ningekutumia kiatu kilichobaki.

Sauda


Tanga
15 Septemba 2025

Mpwa wangu Sauda,

Salamu zako zilikuwa chache, nimezipokea zote. Huku kuna upepo mzuri. Wale paka watatu wamechukuliwa, mmoja amekataa kuondoka. Ukuta umejengwa. Karafuu zilikuwa chache.

Barua yako Annah amenisomea leo, jana na juzi. Pale maji yanapokuja kwa nyuma namwambia arudie. Mimi nimekaa hapa miaka mingi, nimeoga humo, nimevua humo, nimezika rafiki waliokufa humo, na hakuna aliyewahi kunieleza bahari hivyo. Nilikuwa naiita maji. Usiku nilikwenda kulala na kile kitambaa kifuani, mtu mzima mimi, sina aibu kukuambia.

Sasa nisaidie, mwanangu. Mstari wa kwanza, huu ulio karibu na pindo, ni rangi gani? Na wa pili, wenye uzi mnene kidogo? Wa tatu na wa nne imekaribiana sana, inatofautiana vipi? Na hapa juu, baada ya wa tano, vidole havikuti kitu, halafu unakuja mmoja peke yake. Ndipo pale alipokosa uzi? Niandikie kila mmoja polepole, usiruke. Maneno yake mwenyewe, si yako.

Annah ameacha kalamu anasema nisiulize. Nimemwambia aandike.

Mjomba wako,
Gasana


Biryogo
6 Oktoba 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Assalaam alaykum na shikamoo, na safari hii naiweka kwa heshima zote. Mvua za vuli zimeanza, Biryogo inateleza. Ishimwe anasoma vizuri.

Nilimsomea Mama barua yako dukani, mimi nimekasirika, nikidhani unatania kazi yake. Nikafika pale pa mstari wa kwanza. Akazima cherehani. "Soma tena." Nikasoma. "Tena." Nikasoma. Alikaa, mikono juu ya kitambaa.

"Mwenye macho," akasema, "haulizi uzi alioushika mkononi ni rangi gani." Kisha akasema, "Gasana haoni. Sauda, mdogo wangu haoni kabisa."

Alilia, Mjomba. Sijamwona akilia kwa ajili ya macho yake mwenyewe hata siku moja, lakini kwa yako alilia mpaka wateja wakarudi mlangoni. Alikuwa amekasirika pia, usidhani. Alisema, "Nimemfikiria ubaya tangu Juni. Nilidhani amenichoka. Kumbe amekaa gizani peke yake ananiambia habari za paka." Halafu akaniambia nichukue kalamu. Haya ni maneno yake, sikuongeza kitu:

"Gasana. Wa kwanza ni mchanga uliolowa, rangi ya ugali wa ulezi aliokuwa akitupikia mama, ukiwa bado moto. Wa pili ni povu. Usiseme nyeupe, nyeupe ni kitambaa. Ni rangi ya maziwa ya ng'ombe yakianza kupanda sufuriani. Wa tatu ni maji ya karibu, kijani cha mchaichai uliokwisha kulowekwa. Wa nne ni huo huo wa tatu, lakini wingu limepita juu. Ndiyo maana imekaribiana, nilitaka ujue kwamba wingu lilipita. Wa tano ni buluu ya sare niliyokushonea ulipoanza shule, kabla haijafuliwa hata mara moja. Hiyo unaikumbuka. Juu kabisa ni mbingu, uzi wa kijivu wenye samawati ndani, ule tunaoshonea suti za wazee. Na katikati pale, ndiyo, ni pale. Sikuwa na uzi. Bado sina."

Huo ndio mwisho wa maneno yake. Ya kwangu ni haya. Juzi nilikwenda kupimwa macho, kwa sababu sasa wamekwisha kuwa wawili nyumba moja, na babu hakurogwa na mtu. Jicho langu la kushoto limeanza. Wameliwahi, nimepewa matone, daktari anasema nikiwa mtiifu nitazeeka nalo. Ishimwe mzima. Ungenijibu swali langu la Mei, Mjomba, ningekwenda Juni. Nimekusamehe nusu. Nusu nyingine nitakuja kuileta mwenyewe.

Mama anakuja. Usijibu, usiseme Pemba, usiseme bati. Daktari amempima tena na hakufurahi, kwa hiyo hatungoji tena shule wala harusi. Shyaka ana mzigo wa bandari ya Tanga mwezi ujao, na mke wake atasafiri naye ili Mama asiwe peke yake na mwanamume. Kuwa nyumbani tu.

Sauda


Tanga
7 Desemba 2025

Mpwa wangu Sauda,

Waalaykum salaam warahmatullah. Dada alifika salama. Aliteremka kwenye lori la Shyaka na kuuliza kwanza kama choo kiko karibu, pili kama mimi nimekula. Anakusalimu. Anasema duka usilifungue kwa kuchelewa, na shati la mzee Kalisa kola yake uirudie. Yule paka wa mwisho amelihama kabati, sasa analala miguuni kwake.

Annah anaandika, na safari hii naandikisha kila kitu.

Nilikuwa nimejipanga mlangoni, kanzu safi, nikasema nitasimama wima asijue mara moja. Dada hakunisalimia. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaugeuza kuelekea mlango kwenye mwanga, akauzungusha taratibu huku na huku. Nilijua anachofanya. Uliniandikia mwenyewe, taa ya ndani ni mwongo. Alikaa nao muda mrefu. Pumzi yake naisikia. Kisha akasema, "Umezeeka vibaya," na akanikumbatia, Sauda, na nikalia kama siku niliyoondoka Biryogo.

Aliniuliza kwa nini. Nikamwambia ukweli. Presha ya macho ilinianza zaidi ya miaka mitatu iliyopita, nikaona aibu kwenda hospitali, halafu ikawa hakuna tena cha kwendea. Nilimwahidi kumwonyesha bahari. Ni mtu gani atamwonyesha mwenzake kitu asichokiona mwenyewe? Ningemfungulia mlango aje kunitazama mimi nikigonga kuta, na macho yake machache ayamalizie kwenye hayo? Akanijibu, "Wewe nionyeshe njia. Ya kuona niachie mimi."

Ndivyo tulivyofanya. Njia ninaijua kwa miguu, hata mitaro. Kila alasiri nilimshika mkono mpaka kwenye jiwe langu, na kila alasiri alinieleza. Nilikuwa sijui kwamba bahari haina siku mbili zinazofanana. Jumatatu ilikuwa ya bati jipya. Siku iliyofuata ya majani ya muhogo. Siku moja alisema, "Leo sitaki kusema, ni nzuri mno," nikamwambia hiyo ni choyo, akacheka, akasema. Sauda, mimi kipofu nimeiona bahari mwezi huu kuliko miaka yote niliyokuwa na macho. Nilipokuwa naiona sikuwa na mtu wa kuniambia ninaona nini.

Jana alikuwa ananieleza mashua moja: "Ya ngozi nyekundu, hapana, si ngozi," akatafuta neno, "tanga jekundu," akakatiza katikati. Nikangoja. Akasema, "Ukungu umeshuka."

Nilihisi jua linaniunguza shingo. Baadaye Dada akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hakuna ukungu, sivyo?"

Nikamwambia, "Hakuna, Dada."

Maji yalikuwa yanarudi. Nilisikia yakipita kwenye mawe nyuma yetu, kushoto, kulia, kama ulivyoandika. Nilimuuliza kama anataka tuondoke. Akasema bado. Yalipotufika miguuni aliguna kidogo, kama mtu anayemtambua mgeni kwa hatua zake.

Kitambaa hukaa mfukoni mwangu. Nilikitoa, nikakitandika magotini kwetu wawili, nusu kwake, nusu kwangu. Dada alianzia pindoni, kwenye mchanga. Nilimsikia anapanda mstari kwa mstari, "Ulezi. Maziwa. Mchaichai. Wingu. Sare yako." Mimi nilianzia juu, mbinguni, nikateremka. Vidole vyetu vilikutana pale palipobaki wazi, na hapo ndipo tulipokaa.

Mjomba wako,
Gasana